Mlipaji wa Umeme Aulizwe Kabla ya Nguzo Kusimikwa

Mazungumzo ya umeme katika Mkoa wetu wa Mara huzunguka mambo matatu: bei ya uniti, kukatika kwa umeme, na siku ambayo nguzo zitafika kijijini. Ni mambo ya haki kuulizwa, na hapana mtu mwenye busara atakayemlaumu mwananchi kwa kuyauliza. Lakini liko jambo la nne, ambalo ndilo mama wa hayo matatu, nalo halisikiki sana barazani wala mwaloni: ni nani hukaa kitako na kupanga umeme wa miaka kumi au ishirini ijayo, na mlipaji wa umeme huo ana nafasi gani katika kikao hicho?

Jambo hili linamhusu mvuvi wa Rukuba na wa Nafuba sawasawa na mwenye mashine ya kusaga Butiama, mkulima wa pamba wa Bunda na mwenye duka la Musoma mjini. Linawahusu pia watumishi wa Serikali, ambao ndio hubeba lawama mpango unapoharibika. Shabaha ya makala haya ni moja: mteja wa umeme wa nchi hii huulizwa juu ya bei wakati mpango umekwisha kupangwa. Yafaa aulizwe juu ya mpango wenyewe, mapema, na kwa utaratibu unaompa maarifa na muda wa kufikiri.

BEI SI MPANGO

Si kweli kwamba mwananchi haulizwi kabisa. Sheria iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilipitishwa mwaka 2001, na Mamlaka hiyo ikaanza kazi mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo, TANESCO inapoomba kupandisha bei, EWURA haina budi kufanya taftishi, yaani kuita watu hadharani watoe maoni yao. Liko pia Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma hizo, lenye wajibu wa kumsemea mteja. Hizo ni hatua njema, na nchi nyingi hazina hata hizo.

Lakini tuangalie yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2016. TANESCO iliomba bei ipande kwa asilimia 18.19. Taftishi ikafanyika, na EWURA ikakubali asilimia 8.53 tu, ianze tarehe 1 Januari 2017. Kabla bei hiyo haijaanza kutozwa, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, aliyekuwa pia Mbunge wa Musoma Vijijini, aliizuia. Rais John Magufuli naye akaikataa, na Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO akaondolewa kazini siku hiyo hiyo ya mwaka mpya.

Hatukusudii kufufua kesi iliyokwisha. Waliofurahia bei kubaki pale pale walikuwa na sababu zao, na walioogopa kwamba shirika litakosa fedha za matengenezo walikuwa na zao. Tunachosema ni kwamba pande zote mbili zilikuwa watazamaji. Taftishi ilizungumza juu ya tarakimu, na tarakimu ikafutwa. Swali lililokuwa chini ya tarakimu hiyo lilibaki bila kuguswa: tunataka umeme wa namna gani, ufike wapi kwanza, na gharama yake tuigawane vipi?

Swali hilo hujibiwa mahali pengine. Hujibiwa katika Mpango Kabambe wa Kuendeleza Sekta ya Umeme, ambao ulihuishwa mwaka 2016 na tena mwaka 2020. Humo ndimo inamoamuliwa mitambo itakayojengwa, aina ya nishati itakayotumika, na njia kuu zitakakopita. Ni kazi ya wahandisi na wachumi, nao wanastahili heshima. Lakini kila mstari wa mpango huo una uchaguzi ndani yake, na uchaguzi si hesabu tupu. Mhandisi aweza kukwambia waya wa kupita chini ya ziwa utagharimu kiasi gani. Hawezi kukwambia kama ni haki kijiji cha nchi kavu kingoje miaka mitatu zaidi ili kisiwa kipate waya huo, wala kama ni haki kisiwa kingoje.

Mfano wa karibuni ni wa Machi 2025, Serikali ilipoeleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wananchi wengi walishangaa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na jina la mwana wa Butiama, lilikuwa limeanza kutoa umeme mwaka uliotangulia. Ya nini basi kununua kwa jirani? Jibu la wataalamu lilikuwa kwamba umeme unaosafiri njia ndefu hupotea njiani, na kwamba mikoa iliyo mbali na mitambo yahitaji chanzo kilicho karibu nayo. Ni jibu linaloeleweka hata na mtoto wa shule. Lakini lilipotolewa baada ya mshangao, lilipokelewa na wengi kama udhuru. Lingetolewa miaka michache kabla, mbele ya wananchi walioitwa kulipima, lingepokelewa kama hoja.

FUNZO LA UKARA

Wenzetu wa visiwani wanalijua jambo hili kwa ndani zaidi. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME ilianza kuuza umeme wa jua, ukisaidiwa na dizeli, huko Bwisya katika Kisiwa cha Ukara, Wilaya ya Ukerewe. Kwa watu waliozoea karabai na vibatari, ilikuwa neema: mashine za kusaga zikapata nguvu, na maduka yakafunguliwa hata usiku. Lakini bei ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO, kwa kuwa mtambo mdogo wenye wateja wachache hauna wa kumgawia gharama zake. Manung'uniko yakapanda. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza makampuni ya namna hiyo yatoze shilingi 100 kwa uniti, bei ile ile ambayo TANESCO iliwatoza watumiaji wadogo wa majumbani.

Mwananchi wa kisiwani hana kosa kutaka alipe sawa na ndugu yake wa Bunda. Wote ni raia wa nchi moja. Hata hivyo, amri hushusha bei lakini haishushi gharama. Tofauti iliyobaki lazima ibebwe na mtu: ama kampuni, ambayo ikishindwa itaondoka, ama Hazina, yaani walipa kodi wote, ama wateja wengine wa nchi kavu. Lipo jibu la nne pia, la wananchi wenyewe kukubali saa chache za umeme kwa bei nafuu, au umeme mwingi mchana jua linapowaka na mdogo usiku. Uchaguzi huo ulistahili kuwekwa mbele ya wanakisiwa kabla mtambo haujajengwa, kila njia ikiwa na faida, hasara na bei yake.

Ajabu ni kwamba kanuni zetu zimewahi kuelekea huko. Katika utaratibu uliowekwa kwa mitambo midogo sana, ile isiyofikia kilowati 100, mwenye mtambo aliruhusiwa kupanga bei bila kibali cha kwanza, lakini EWURA ingeweza kuichunguza bei hiyo ikiwa asilimia 15 ya kaya za eneo lake zingelalamika. Maana yake, sheria ilitambua sauti ya wateja wachache wa kijijini. Upungufu wake ni kwamba ilimpa mteja sauti ya kulalamika tu, baada ya mambo kuharibika. Tunachotaka sasa ni apewe sauti ya kushauri kabla.

WALIOJARIBU WALIPATA NINI

Huenda msomaji akauliza: je, yako mahali popote duniani ambapo kampuni ya umeme imewaita wateja wake kupanga pamoja nao? Yako, na mahali penyewe ni Texas, nchi ya visima vya mafuta huko Marekani.

Katikati ya miaka ya 1990, makampuni ya umeme ya jimbo hilo yalitakiwa yawasikilize wateja kabla ya kupanga mitambo ya baadaye. Makampuni yaliingiwa na mashaka. Ukimpigia mtu simu na kumwuliza juu ya gesi, makaa au upepo, atajibu lolote linalomjia kichwani ili akuondoe. Ukiitisha mkutano wa hadhara, watakuja wale wenye jambo lao. Ndipo wakautumia utaratibu wa mwalimu wa chuo kikuu aitwaye James Fishkin. Wateja walichaguliwa kwa bahati nasibu, ili wake kwa waume, matajiri kwa maskini, wapate nafasi sawa. Wakapewa maelezo yaliyopitiwa na watu wa pande zote zinazobishana. Wakakaa siku za mwisho wa juma katika vikundi vidogo, wakazungumza wao kwa wao, kisha wakawahoji wataalamu na wakubwa wa kampuni. Waliulizwa maoni yao mwanzoni na tena mwishoni.

Kati ya mwaka 1996 na 1998 yalifanyika mashauriano manane ya namna hiyo. Mwanzoni, kwa wastani, watu 52 katika kila 100 walisema wako tayari kulipa zaidi kidogo ili wapate umeme wa jua na upepo. Mwishoni walikuwa 84. Lakini hawakusombwa na shauku. Wengi waliokuwa wameuweka umeme wa jua na upepo kuwa chaguo lao la kwanza walibadilika baada ya kusikia gharama na mipaka yake, wakasema kwanza tubane matumizi, kisha tuchanganye vyanzo. Mwaka 1999 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuongeza megawati 2,000 za nishati jadidifu ifikapo mwaka 2009, na mwaka 2006 Texas iliipita California kwa mitambo ya upepo. Hatusemi mashauriano peke yake ndiyo yaliyofanya yote hayo. Twasema yaliwaondolea watawala hofu kwamba mteja hataki kusikia habari ya gharama.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Wamarekani waliosoma, na atazame karibu. Mwaka 2014 utaratibu huo ulitumika katika wilaya za Bududa na Butaleja, mashariki mwa Uganda, ambako wananchi walishauriana juu ya maporomoko ya ardhi na mafuriko, tena wengi wao wakiwa watu wenye elimu ndogo ya darasani. Mwaka 2015 ulitumika hapa hapa Tanzania. Watu wapatao 2,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi waliulizwa juu ya gesi asilia: iuzwe nje au itumike nyumbani, na mapato yake yafanyiwe nini. Wapatao 400 miongoni mwao walikusanyika Dar es Salaam kwa siku mbili kulizungumza jambo hilo. Ikiwa Mtanzania wa kawaida aliaminiwa kuzungumza juu ya gesi iliyo chini ya bahari, kwa nini asiaminiwe kuzungumza juu ya waya unaopita mbele ya mlango wake?

JADI TUNAYO

Kwa watu wa Mara shauri hili si geni. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alieleza katika maandiko yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 jinsi wazee wa Kiafrika walivyokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakakubaliana. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 nayo ilikipa kila kijiji Mkutano wa Kijiji, ambao ni wa kila mtu mzima anayeishi hapo. Msingi, basi, umekwisha kuwekwa.

Lakini tusijidanganye kwamba Mkutano wa Kijiji kama tunavyouona watosha kwa kazi hii. Huko mara nyingi mgeni hueleza, watu hupiga makofi, na maswali mawili matatu huulizwa na wale wale wanaouliza kila mara. Wanawake huketi nyuma. Aliye ziwani usiku kucha akivua dagaa huwa amelala. Na taftishi ikifanyika mjini, mtu wa kisiwani hana budi alipe nauli ya mtumbwi, nauli ya gari, na pengine gharama ya kulala. Anayefika ni mwenye nafasi, na mwenye nafasi si lazima awe ndiye mwenye shida.

INAWEZAJE KUFANYIKA

Twapendekeza jambo dogo na la kujaribiwa. Kabla Mpango Kabambe haujahuishwa tena, TANESCO, Wakala wa Nishati Vijijini na EWURA waitishe baraza moja la mashauriano kwa ajili ya Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na visiwa vyake.

Kwanza, wajumbe wasiteuliwe na mtu yeyote. Wapatikane kwa kura ya bahati nasibu, itakayochezeshwa mbele ya watu. Nusu watoke katika orodha ya wenye mita za LUKU na nusu katika daftari la wakazi wa kijiji, kwa sababu asiye na umeme leo ndiye mteja wa kesho, na mpango ni wake kuliko wa mwingine yeyote. Visiwa viwekewe idadi yao maalumu.

Pili, wajumbe walipwe nauli na posho ya siku zote, wala mvuvi asiombwe kuuza usiku wake wa kazi kwa ajili ya heshima tu.

Tatu, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kisicho na mapambo, yasomwe kwa sauti, na yakaguliwe na pande zote: shirika, mtetezi wa watumiaji, na mtaalamu asiyekuwa mtumishi wa yeyote kati yao. Wenye kuongoza vikundi wasiwe watumishi wa shirika. Vikundi vingine viwe vya wanawake peke yao siku ya kwanza, maana mwenye kupika kwa mkaa na kukausha dagaa analo la kusema juu ya nishati ambalo hasemi mbele ya kila mtu.

Nne, maswali yawe ya kweli. Kwa mfano: kisiwa kama Rukuba kipate waya wa kupita chini ya ziwa, au mtambo wake wa jua wenye betri? Umeme wa kwanza wa kisiwani uende majumbani, au mwaloni kutengeneza barafu ili samaki asioze? Na mji uishie wapi? Mwanzoni mwa mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mijini ilirudishwa kuwa shilingi 320,960, huku vijijini ikibaki shilingi 27,000. Iko mitaa ya pembezoni mwa Bunda na Musoma ambako watu wanalima mihogo na kufuga ng'ombe, lakini kwa jina wako mjini. Nani apime mpaka huo, na kwa kipimo gani?

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, shirika lifungwe kwa ahadi ya kujibu. Baraza halitakuwa na mamlaka ya kuamua, maana mamlaka hayo ni ya vyombo vilivyowekwa kisheria. Lakini katika muda uliotajwa wazi, shirika lijibu kwa maandishi: shauri hili tumelikubali, hili tumelikataa, na sababu ni hizi. Jibu hilo lisomwe katika kila Mkutano wa Kijiji. Pasipo jibu, mashauriano ni mchezo wa kuigiza, na watu wakidanganywa mara moja hawaji mara ya pili.

MASHAKA YA WAKUBWA

Tunajua yatakayosemwa maofisini. Itasemwa kwamba umeme ni ufundi. Ni kweli, lakini hatumwombi mvuvi achore mtambo. Twamwomba aseme kipi kitangulie na kipi kingoje, na hilo analijua. Itasemwa kwamba wako wabunge na madiwani. Wapo, na baraza hili halichukui kiti cha mtu. Litawapa wawakilishi hao kitu ambacho hawana sasa: ushahidi wa kile ambacho wapiga kura wao wanakitaka wakishajua gharama yake.

Itasemwa pia kwamba wananchi watadai umeme wa bure. Ndiyo, mtu asiyeonyeshwa hesabu hudai cha bure. Mtu aliyeonyeshwa hesabu, akakaa nayo siku mbili, hugeuka kuwa mhasibu mkali kuliko mhasibu wa shirika, kwa kuwa fedha ni zake.

Na itasemwa kwamba kuna gharama. Zipo. Zilinganisheni na gharama ya mtambo unaojengwa mahali ambapo wateja hawamudu bei yake, au ya amri inayotoka leo na kupinduliwa kesho.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana wajibu. Haki ya kuulizwa huja na mzigo wa kusikiliza jibu msilolipenda. Pengine baraza litaonyesha kwamba waya wa ziwani hauwezekani kwa sasa, au kwamba barafu ya mwaloni lazima itangulie taa ya sebuleni. Atakayekuwa ameketi katika kikao hicho, au ameketi jirani yake aliyechaguliwa kwa kura ya haki, atakuwa na la kuwaeleza wenzake atakaporudi kisiwani.

TANESCO ni shirika la umma, na kwa hiyo mwenye kununua uniti ni mwenye mali pia. Kumwita mwenye mali katika kikao cha kupanga mali yake si hisani. Mkoa wa Mara una mji, una vijiji vya bara na una visiwa, karibu kila hali ya mteja wa umeme iliyopo nchini. Jaribio hili lianzie hapa, lianze na kura ya bahati nasibu mbele ya watu, na majibu ya shirika yabandikwe penye mbao za matangazo za vijiji vyote kabla fundi wa kwanza hajachimba shimo la nguzo.